Magazeti ya Mzee: kisa cha kugawa vitu vya mzazi angali hai

Kisa hiki ni cha familia niliyoisindikiza kama mnasihi hadi mzazi wao alipohama. Nimeondoa majina, mahali na kila ambacho kingemtambulisha mtu. Wahusika nitawaita kwa nafasi zao: Mzee, na wanawe watatu, yaani Kifungua Mimba (binti), Wa Kati (mwana wa kiume) na Kitinda Mimba (binti anayeishi nchi nyingine). Wote wanne wameridhia kisa chao kitumike kufundishia. Watu huniuliza waanzie wapi wanapotaka kupunguza vitu vya mzazi, kabatini au stoo, nami kila mara najikuta nawajibu kwa kuwasimulia habari ya magazeti haya.

Usuli

Mzee ana miaka 81. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi cherehani, akishonea nyumbani katika chumba cha mbele. Mkewe alifariki miaka minne kabla ya haya ninayoyasimulia. Nyumba yao ilikuwa ya kupanga, yenye vyumba vinne, na walikuwa wameishi humo miaka 33. Magoti yake yamechoka, anatembea na bakora, lakini akili yake ni nzima kabisa: ukimtajia mteja wa zamani atakwambia kiuno chake kilikuwa inchi ngapi. Hilo la akili nimelitaja mapema kwa makusudi, maana mengi tuliyoyafanya baadaye yaliwezekana kwa sababu hiyo.

Usiku mmoja, akienda chooni, alijikwaa kwenye waya wa umeme uliopita kati ya maboksi ukumbini, akaanguka. Hakuvunjika, lakini alikaa sakafuni karibu saa mbili kabla jirani hajamsikia. Familia ikakutana. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema kwamba atahamia kwa Kifungua Mimba, ambako kulikuwa na chumba kimoja kwa ajili yake. Mwenye nyumba akapewa taarifa ya wiki sita. Hadi hapo hapakuwa na ugomvi wowote.

Siku tatu bila Mzee

Katika wiki ya kwanza Mzee alilazwa siku tatu kwa uchunguzi wa magoti na presha. Kifungua Mimba na Wa Kati wakaomba ruhusa kazini, wakaingia nyumbani kwake na mifuko mikubwa ya plastiki. Nia yao naijua kwa sababu waliniambia wenyewe, na sina shaka nayo: "Akirudi akute kazi imekwisha, asihangaike." Walisafisha stoo na chumba cha kushonea, wakaacha cherehani mbili tu na meza. Ilitoka mifuko 22. Baadhi ilipelekwa kwenye kituo cha misaada, baadhi kwa ndugu, na iliyobaki ikaenda jalalani.

Mzee alirudi siku ya nne. Alisimama mlangoni pa chumba cha kushonea, ameegemea bakora, akatazama rafu moja baada ya nyingine.

"Magazeti yangu yako wapi?"

"Yale makuukuu, Baba?" Wa Kati akamjibu. "Tumeyatupa. Panya walishaanza kuyatafuna."

Mzee akasema, "Sawa." Akachomoa ufunguo wa kabati la nguo la chumbani, akautia mfuko wa shati, akaenda kulala. Kuanzia hapo, kwa siku tisa, kila alipoulizwa jambo alijibu, "Fanyeni mnavyoona." Wanawe waliona amekubali, wakaendelea kufunga maboksi. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku ya kumi alimwambia Kifungua Mimba kwamba hahami, na mwenye nyumba akitaka aje amtoe mwenyewe.

Magazeti yale hayakuwa ya kusoma. Fundi asiyenunua karatasi maalumu za kukatia nguo hutumia gazeti: huchora kipande cha mbele, cha nyuma, mkono na kola, hukata, kisha huandika kwa penseli jina la mwenye nguo, kifua, kiuno, urefu na mwaka. Nguo ikihitajika tena, kipimo kipo. Mzee alikuwa ametunza vipimo vya zaidi ya miaka 40, kila mtu na fungu lake, limefungwa kwa utepe wa kitambaa. Mlikuwamo sare za shule za wanawe wote watatu, mwaka hadi mwaka, na gauni la harusi la mkewe. Watoto walijua baba yao anakatia kwenye magazeti, walikua wakiliona jambo hilo. Wasichojua ni kwamba hakuwahi kutupa hata moja. Kwa mtu aliyesimama mlangoni na mfuko mkononi, yalikuwa rundo la karatasi za njano zilizokunjwa.

Nilipoitwa

Kifungua Mimba aliponipigia simu neno lake la kwanza lilikuwa, "Baba amekuwa mkaidi." Nilimwomba nionane na Mzee kwanza, peke yetu, na tukae chumba cha kushonea hata kama ni kitupu. Sikumuuliza lolote kuhusu kuhama. Nilimuuliza alikuwa anashona nini hasa, nguo za kike au za kiume. Alizungumza kama dakika 40. Mwishoni akasema jambo ambalo mpaka leo sijalisahau: "Mirathi yangu imeshagawanywa, na mimi bado navaa viatu."

Nilipokutana na wanawe niliwaeleza kwamba kabla ya boksi lingine kufungwa kuna deni la kulipa. Niliwaomba wamwombe radhi, na niliwapa sharti moja: neno "tulidhani" lisiwemo. Ukisema "tulidhani ni takataka" umemwambia tena kwamba kazi yake inafanana na takataka. Wa Kati alianza vibaya. "Baba, tulidhani..." akanyamaza, akaanza upya: "Baba, tulitupa kazi yako. Tusamehe."

Mzee alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza, "Glasi za mama yenu zilifungwa na nini?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Glasi zilikuwa zimepelekwa kwa binti ya shangazi yao ndani ya boksi, na ili zisivunjike kila moja ilikuwa imeviringishwa karatasi. Kifungua Mimba akapiga simu palepale. Boksi lilikuwa limefunguliwa nusu tu. Zikarudi karatasi tisa, zimekunjamana kama majani makavu. Mzee alizitandaza mezani, akaziwekea kitambaa juu, akazipiga pasi ya moto mdogo moja baada ya nyingine. Kati yake kulikuwa na mkono mmoja wa shati la shule la Wa Kati. Pembeni, kwa penseli iliyofifia, paliandikwa: miaka 7, ongeza inchi moja, anakua haraka.

Wa Kati aliisoma mara mbili, akatoka nje. Vipimo vingine vyote vilikuwa vimepotea, na gauni la harusi halikuonekana.

Tuliyoamua, na kwa nini

Zilikuwa zimebaki siku 25. Ningependa kusema tulikuwa na mpango kamili, lakini mengi tuliyaamua tukiwa njiani.

La kwanza lilikuwa kukiacha kile kinachotoka na kuangalia kwanza kile kinachokwenda. Kifungua Mimba alitaka kumwandikia baba yake vipimo vya chumba kipya kwenye kikaratasi. Nikamwomba asimpimie fundi. Mzee akapelekwa na futi yake shingoni, mjukuu akashika ncha ya pili, na kwa chaki ya kushonea akachora sakafuni kitanda, meza, kiti na kabati. Kabati lake kubwa lilizidi, likaingia kwenye njia ya mlango kwa kiasi cha shubiri. Alilitazama, akafuta mstari kwa soli ya kiatu, akasema, "Hili haliji." Kwa wiki mbili hakuna aliyethubutu kumwambia hivyo, na wala haikuhitajika aambiwe. Alipomaliza kuchora, orodha ya kwanza ilikuwa imekamilika: vitu anavyohama navyo, alivyovichagua yeye. Vilivyobaki vilijulikana kwamba vitakwenda kwa watu wengine, bila mtu kutumia neno "kutupa".

Swali nalo tulilibadilisha. Wanawe walizoea kuinua kitu na kuuliza, "Baba, hiki unakihitaji?" Swali hilo lina jibu moja tu la heshima kwa mtu wa miaka 81, nalo ni ndiyo, maana akijibu hapana mara 200 kwa siku, jioni atajiona mtu asiyehitaji chochote tena. Tukaanza kuuliza, "Hiki kimfae nani?" Mzee akabadilika mbele ya macho yetu. Mkasi mkubwa ulikwenda kwa jirani aliyemsikia usiku ule alipoanguka. Redio ikaenda kwa msusi wa mtaa ambaye redio yake iliharibika. Wengine alikuwa hajawataja kwa miaka mingi.

Muda tuliubana: saa tatu asubuhi hadi saa nne na nusu, basi. Kuchagua kunachosha kuliko kubeba. Siku ya pili tuliongeza saa moja kwa sababu kazi ilikuwa inaenda vizuri, na katika saa hiyo ya nyongeza Mzee na Wa Kati wakagombana kwa sababu ya ndoo. Hatukuongeza tena.

Kuhusu nyaraka, wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mjukuu alipewa daftari la shule, akalichora safu nne: kitu, kwa nani, nani atapeleka, kimefika. Hakuna mfuko uliotoka mlangoni kabla ya kupekuliwa mifuko ya nguo, pindo, bitana za makoti, kurasa za vitabu na chini ya droo. Ndani ya bitana ya koti kuukuu tulikuta noti zilizoshonewa humo, na katika kidroo cha cherehani tukakuta cheti cha ndoa na kitabu cha akiba. Kifungua Mimba aliponiuliza kwa sauti ndogo ni nini kilikuwa ndani ya ile mifuko 22, sikuwa na la kumjibu.

Dawa tulizimaliza kwa asubuhi moja. Zilizopita muda na zile za marehemu zilirudishwa kwa mfamasia, na majina kwenye vibandiko yakafutwa. Pasipo na mahali pa kurudisha, ni afadhali kuzichanganya na kitu kama udongo au majani ya chai yaliyotumika, zikafungwa vizuri ndani ya mfuko ndipo zitupwe, isipokuwa kama maelekezo ya dawa yenyewe yanasema vingine. Usizirushe chooni tu, na usimpe mtu dawa ya mwingine kwa kuwa "bado nzima". Simu mbili za zamani zilifutwa taarifa zake zote kabla ya kutolewa.

Picha tuliziacha hadi mwisho kabisa. Anayeanza na picha hamalizi, kwa sababu kila picha ni mlango wa nyumba nyingine. Zilipofika zamu yake, Mzee alitaja majina huku mjukuu akirekodi sauti yake kwa simu, na nyuma ya kila picha tukaandika kwa penseli laini, bila kukandamiza. Wino wa kalamu unaweza kupenya au kuhamia kwenye picha inayolalia juu yake. Zile za albamu zenye kurasa za gundi tulizitoa pale zilipokubali, na zilizogoma tukazipiga picha zikiwa humohumo. Ndogo ndogo ziliskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi ili zikikuzwa nyuso zisipotee.

Mwisho, boksi moja liliandikwa "Bado". Kila ambacho Mzee alishika zaidi ya dakika chache bila kuamua kiliwekwa humo, likafungwa na kuandikwa tarehe ya kufunguliwa, miezi sita mbele. Lilikuwa boksi moja tu, na likijaa lilikuwa limejaa.

Magauni 11

Kabati la chumbani, lile ambalo ufunguo wake ulikuwa kwenye mfuko wa shati, lilikuwa na nguo za marehemu mkewe. Niliwaambia wanawe hilo wasiliguse wala wasiliulizie, hata kama zitabaki siku mbili. Mzee alilifungua mwenyewe siku ya 11 ya kazi yetu. Alitoa magauni 11, yote aliyashona yeye, akayalaza kitandani. Kisha akataja wanawake 11: mabinti zake wawili, mkwewe, mashemeji, majirani na mwanamke mmoja aliyemuuguza mkewe miezi ya mwisho.

Kifungua Mimba akafarijika, akaleta mifuko. Mzee akamwambia arudishe. "Nguo haipelekwi haijapimwa."

Alikusudia kulirekebisha kila gauni limkae anayepewa. Waitwe, wapimwe, ashone, ndipo wachukue. Zilikuwa zimebaki wiki mbili, jikoni hapajaguswa, na Wa Kati alikuwa amekodi gari la mizigo. Nikaulizwa nimzuie. Nilikaa na swali hilo usiku kucha na asubuhi nikasema hapana. Sababu yangu ilikuwa hii: katika ile mifuko 22, Mzee alinyang'anywa nafasi ya kuwa mtoaji. Hapa alikuwa amejirudishia nafasi hiyo mwenyewe, kwa njia anayoijua, na sikuona jikoni kuna kitu cha thamani hiyo. Jikoni tungeweza kuhamisha kama palivyo ndani ya maboksi na kuchambua baadaye.

Basi waliokuwa karibu wakaja, mmoja mmoja, asubuhi baada ya asubuhi. Nilikuwapo alipokuja yule muuguzi. Alikuwa mpana kuliko marehemu. Mzee alimzungushia futi, akaandika, akaligeuza gauni nje ndani na kuanza kufumua mshono wa ubavuni kwa ncha ya wembe, uzi kwa uzi. Ndani ya mshono kulikuwa na akiba ya kitambaa, karibu inchi nzima kila upande, rangi yake ingali ya mwanzo kwa kuwa haikuwahi kuona jua. Akamwonyesha kwa kidole. "Nilimwachia nafasi anenepe," akasema. "Hakunenepa." Akashona mstari mpya pembeni ya ule wa zamani, akapiga pasi, akampa.

Kwa kila gauni alikata kipimo kipya cha gazeti, akaandika jina na mwaka. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Magauni yote yalikwisha kwa siku tisa, na siku hizo hakuna aliyesema Mzee ni mkaidi.

Cherehani ya pili

Hapa mambo hayakwenda vizuri. Mzee alikuwa na cherehani mbili. Moja ilikuwa na nafasi yake kwenye chaki ya chumba kipya. Ya pili, ya miguu, kongwe zaidi, niliifikisha kwenye kikao cha familia nikiamini kwamba uwazi ni bora. Nikauliza mbele ya wote, "Mzee, hii imfae nani?" Akamtaja mwanafunzi wake wa zamani, ambaye yeye Mzee alimwahidi miaka mingi iliyopita kwamba atakapoacha kazi, cherehani hiyo itakuwa yake.

Wa Kati aliinuka. Alikuwa akilala chumba kinachopakana na cha kushonea tangu utotoni, na usingizi wake wote wa utoto uliambatana na mlio ule. Hakuwahi kusema anaitaka. Alidhani inaeleweka. "Kwa hiyo mtu baki ndiye mwanao," akasema, na maneno hayo hayakurudishika. Mzee naye hakuweza kuvunja ahadi mbele ya watu. Kitinda Mimba, aliyekuwa kwenye simu ya video, alianza kulia, simu ikakatika.

Cherehani ilikwenda kwa mwanafunzi. Wa Kati alifanya kazi yote iliyobaki, akabeba maboksi hadi la mwisho, lakini hakuzungumza na baba yake siku ya kuhama.

Matokeo

Mzee alihama siku tatu baada ya tarehe iliyopangwa, mwenye nyumba akaridhia. Chumba kina vitu alivyovichora kwa chaki na si zaidi. Njia ya kwenda chooni haina waya wala boksi, na hilo ndilo lililokuwa chanzo cha yote. Hajaanguka tena hadi ninapoandika. Majirani wa kwa Kifungua Mimba wamemjua, naye anapokea kazi ndogo za kupunguza na kuongeza nguo.

Boksi la "Bado" lilifunguliwa kwa tarehe yake. Mzee alitoa vitu viwili, vingine akavigawa kwa chini ya saa moja.

Kwa upande mwingine, maboksi saba ya Kitinda Mimba yamejaa stoo ya dada yake. Yeye akiwa mbali, kila alichoonyeshwa kwenye simu alisema, "Nibakizieni." Hajaja kuyachukua, na dada yake ameanza kulalamika. Wa Kati na Mzee wanasalimiana. Ile karatasi ya mkono wa shati Wa Kati ameitia kwenye fremu, ameitundika nyumbani kwake, lakini baba yake hajawahi kwenda kuiona.

Uchambuzi

Watu wengi wanaposoma mwanzo wa kisa hiki husema kosa lilikuwa kutupa bila kuuliza. Ni kweli, lakini haitoshi. Wangeuliza, "Baba, tutupe haya magazeti?" kwa simu akiwa kitandani hospitalini, huenda angesema ndiyo kwa uchovu, na madhara yangekuwa yaleyale. Kosa lenyewe ni kuichukua kazi hii kuwa usafi. Ukiiona ni usafi, mzazi anakuwa kizuizi, na kumwondoa kwa siku tatu kunaonekana ni huruma. Kumbe kazi hii ni ya kutoa, na anayetoa ni mwenye mali. Asipokuwapo hakuna kilichotolewa. Kuna kilichoondolewa tu.

Yapo maelezo ya kitaalamu kwa nini mwenye kitu na mtazamaji hawakubaliani thamani yake. Katika majaribio ya Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler yaliyochapishwa mwaka 1990, baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe vya kawaida, kisha wakaulizwa wangeviuza kwa bei gani. Walitaka karibu mara mbili au zaidi ya kile ambacho wenzao wasio na kikombe walikuwa tayari kulipa. Walikuwa na vikombe hivyo kwa muda mfupi mno. Mzee alikuwa na magazeti yake miaka 40. Mtoto anayesema "Baba anang'ang'ania vitu" anazungumzia jambo lililomo ndani ya kila binadamu, yeye mwenyewe akiwamo, kama maboksi saba ya Kitinda Mimba yanavyoonyesha.

Jambo la pili ni masimulizi. Wanawe walinilalamikia kwamba kila kitu kina hadithi, na hadithi zinakula muda. Robert Butler, daktari wa akili wa Marekani, aliandika mwaka 1963 kwamba kuyapitia upya maisha uzeeni ni kazi ya kawaida ya akili, wakati ambapo wengine waliiona kuwa ni dalili ya kudhoofika. Nimeliona hilo katika familia nyingi. Kitu kilichosimuliwa hutoka mkononi kwa urahisi kuliko kisichosimuliwa. Magauni 11 yalitoka kwa sababu kila moja lilipata wakati wake.

Lakini nisieleweke kwamba njia hii inafaa kila mzazi. Mzee ana kumbukumbu. Kwa mzazi mwenye maradhi ya kusahau, swali la "kimfae nani?" linaweza kuwa mateso. Huko ni bora kumwekea vitu viwili tu mbele yake achague kimoja, kutomuuliza "unakumbuka?", kufanya dakika chache akiwa ametulia, na kutokiondoa chumbani kile anachokitafuta kwa macho kila siku, hata kikiwa kibovu. Na pale ambapo vitu vimekuwa hatari, kama waya ule wa ukumbini, kwanza ondoa hatari siku hiyohiyo. Mazungumzo yatafuata.

Nililokosea mimi

La cherehani ni langu. Nilipaswa kumfuata kila mtoto faraghani kabla ya kikao chochote na kumwomba anitajie vitu vitatu ambavyo ingemuuma kuviona vikienda kwa mwingine. Wa Kati angenitajia cherehani. Ningemfikishia Mzee, naye angepata siku kadhaa za kuzungumza na mwanawe au na mwanafunzi wake bila hadhira. Pengine cherehani ingekwenda kulekule, lakini Wa Kati angekuwa amesikilizwa na baba yake kabla ya kusikia uamuzi pamoja na watu wengine.

La Kitinda Mimba nalo nililiachia. Kuonyeshwa vitu 50 mfululizo kwenye kioo cha simu, usiku wa nchi yake, baada ya kazi, si kushirikishwa. Sasa anayeishi mbali namwomba achague idadi kabla ya kuona kitu chochote, na aseme ni nani atakayevisafirisha na lini.

Na kuna swali ninaloliuliza siku hizi katika simu ya kwanza, kabla ya kujua nyumba ina vyumba vingapi: je, kuna chochote kilichokwisha kutoka? Jibu likiwa ndiyo, nauliza kimepelekwa wapi, na nani alifunga maboksi, na alifungia kwa kitu gani. Mifuko iliyokwenda kituo cha misaada mara nyingi hukaa siku kadhaa kabla ya kuchambuliwa. Magazeti ya Mzee yalikuwa na siku 15 tangu yatoke nilipoitwa. Hatukuwahi kupiga simu kituoni.